Aswan au Luxor? Wazoefu wa Misri naombeni mwongozo

Mwana_Chumbageni
Wakuu salaam. Nimeshakata tiketi ya ndege mpaka Cairo. Kutoka hapo nataka mji mmoja tu wa kupumzika, kando ya mto Nile, usio na fujo, na mahekalu ya kale yawe karibu. Nimebaki na miji miwili, Aswan na Luxor, na kila nikisoma nachanganyikiwa zaidi. Ungekuwa wewe ungekwenda wapi? Natakiwa kulipia hoteli kabla ya Ijumaa.

Baharia_Mstaafu
Mwezi gani? Siku ngapi? Uko na nani? Agosti Aswan inapita nyuzi 40 kivulini, Januari unavaa sweta usiku. Bila hayo tunakupigia ramli tu.

Kisiki_Cha_Mpingo
Aswan. Funga uzi.

Haya, nieleze kidogo. Mji umelala ule. Unakaa kando ya mto na chai yako, ng'ambo unaona vilima vya mchanga vimeteremka mpaka majini, katikati kuna visiwa na majabali meusi yaliyolainishwa na maji, ukiyatazama haraka unadhani viboko wamejitokeza migongo. Mashua zao wanaziita faluka, tanga la pembetatu kama la majahazi yetu, zinapita kimya. Hekalu la Philae unalifuata kwa boti maana liko kisiwani. Lilikuwa linazama kwa sababu ya mabwawa, wakalibomoa jiwe kwa jiwe na kulijenga upya kisiwa cha jirani, kazi ya 1972 hadi 1980. Humo ndimo kuna maandishi ya mwisho ya picha ya kifirauni yanayojulikana, yamechongwa na tarehe yake, mwaka 394. Nilisimama mbele yake nikawaza: huyu aliyechonga alijua kwamba baada yake hakuna mwingine?

Dereva_wa_Thika_Road
Kisiki umetoa hotuba nzuri, lakini Aswan inaisha kwa siku moja na nusu. Baada ya hapo unabaki kuhesabu mashua. Luxor ndiyo Misri yenyewe. Hekalu la Karnak peke yake lina ukumbi wa nguzo 134, ukizunguka moja tu umeshachoka. Vuka mto uende ng'ambo ya magharibi: Bonde la Wafalme, kaburi la Tutankhamun lililofunguliwa 1922, halafu hekalu la malkia Hatshepsut. Mle ukutani kuna safari ya meli zake kwenda nchi ya Punt, wanarudi na miti ya ubani mizima, mizizi imefungwa kwenye vikapu. Wasomi wengi wanaiweka Punt huku Pembe ya Afrika. Yaani biashara yetu na hao watu ina zaidi ya miaka 3,400.

Bi_Salma_Muscat
Asalaam alaykum. Mie naomba nitoe yangu kuhusu Luxor, kisha kila mtu aamue.

Tulishuka treni mimi, mdogo wangu na mwanawe wa miaka saba. Jua limepanda, mtoto kachoka, akaja mzee na gari la farasi. Nikamuuliza kwa Kiarabu bei mpaka hotelini, akasema hamsini. Nikarudia: hamsini, sote watatu na mabegi? Akaapa. Tukapanda.

Hotelini hatukufika. Kwanza alitupeleka duka la manukato "la binamu yake", tukakataa kushuka. Kisha duka la karatasi za mafunjo, picha za mafirauni hata rangi haijakauka. Mtoto sasa analia. Saa nzima imepita ndipo tukafika, nampa hamsini, anaitazama noti kama nimempa jani. "Hamsini za Kiingereza!" Nikamwambia tupo Misri, hapa kuna gine tu, paundi ya Misri. Akashuka, akafungua mfuko wa majani akamtilia farasi wake mbele ya mlango wa hoteli, akakaa chini kando yake, maana yake yeye hana haraka. Na farasi mwenyewe mbavu unazihesabu, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mabegi yamebaki juu ya gari.

Aliyetuokoa ni mzee muuza viatu upande wa pili. Alikuja taratibu, akamsemesha maneno mawili matatu sikuyashika, nikatoa gine mia mbili na hamsini tukaachana. Yule muuza viatu nilimpa bakshishi akakataa kabisa. Kwa hiyo wema wapo. Lakini Luxor sikuwahi kutembea hatua mia moja bila kuitwa.

Dereva_wa_Thika_Road
Pole dada. Lakini Aswan pia wapo hao, wamepunguzwa tu.

Bi_Salma_Muscat
Hivyo ndivyo ninavyosema mie. Wamepunguzwa.

Mwana_Chumbageni
Samahani wakuu, kazi zilinibana. Ni Februari, siku nne bila kuhesabu Cairo. Naenda na mama yangu, ana miaka 68, magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi.

Baharia_Mstaafu
Sasa hilo ndilo la kuanza nalo, kijana! Watu wameshakupandisha makaburini kutwa nzima.

Bonde la Wafalme ni kushuka na kupanda, mwondolee mama. Karnak ni tambarare ila ndefu. Hekalu la Luxor lenyewe ndilo linalomfaa: liko katikati ya mji, nenda baada ya Magharibi taa zimewashwa. Ndani yake kuna msikiti wa Abu al-Haggag, umejengwa juu ya nguzo za hekalu wakati mchanga ulikuwa umelifukia. Mchanga ulipochimbwa, mlango wa zamani wa msikiti ukabaki unaning'inia juu ukutani. Mpaka leo wanaswali humo.

Kisiki_Cha_Mpingo
Februari? Basi tarehe 22 uwe hekalu la Abu Simbel! Alfajiri jua linaingia mpaka chumba cha ndani kabisa na kuangaza sanamu tatu kati ya nne, ya nne, Ptah, inabaki gizani. Hutokea tena 22 Oktoba. Na lile hekalu lilikatwa vipande likapandishwa juu ya mlima 1964 hadi 1968, na jua bado linalipata.

Baharia_Mstaafu
Abu Simbel ni kilomita 280 kutoka Aswan, unaondoka saa kumi alfajiri na kurudi mchana. Tarehe 22 watu wanasukumana gizani. Mama wa miaka 68 mwenye magoti? Kama lazima, kuna ndege kutoka Aswan, dakika 45 hivi. Na tazama kalenda yako, Februari hiyo usije ukaangukia Ramadhani.

Mwana_Chumbageni
Ramadhani tumeiona. Mama anasema msafiri ana ruhusa lakini yeye atafunga tu. Bajeti ni ya kawaida, si ya hoteli za kitalii.

Halafu kuna jambo nilikuwa sijalisema. Nimemuuliza usiku huu, kumbe mahekalu hayamshughulishi. Anachotaka ni kumwona Firauni. Yule aliyezama.

Dereva_wa_Thika_Road
😂😂😂 Kurasa mbili nzima!

Bi_Salma_Muscat
Msimcheke. Mie mwenyewe nilikwenda kwa hilo. Lakini Firauni hayuko Aswan wala Luxor. Yuko Cairo, jumba la makumbusho kule Fustat. Walihamishwa Aprili 2021, wafalme na malkia 22 waliokaushwa, kila mmoja na gari lake, usiku, na mizinga ikapigwa. Chumba chao kiko chini na giza giza, watu wananong'ona. Ramses wa Pili ana nywele za rangi ya majani makavu na mkono mmoja umenyanyuka kidogo. Nilisoma ile aya ya "leo tutauokoa mwili wako" nikatoka mbio mbio.

Mwalimu_Jinja
Ila si hakika kwamba aliyezama ni Ramses wa Pili. Wengine wanasema ni mwanawe, Merneptah. Qur'ani haikutaja jina, Biblia nayo vilevile.

Kisiki_Cha_Mpingo
Mwalimu, Ramses alikufa mzee wa karibu miaka 90, na meno mabovu. Atazamaje?

Mwalimu_Jinja
Ndiyo maana nikasema si hakika. Na mkifika mtoni mwambieni mama kwamba hayo maji yametoka kwetu Jinja, asitishwe na Wamisri.

Baharia_Mstaafu
Yenu machache. Mengi ni ya Ethiopia, na ya kwenu nusu yanapotelea kwenye vinamasi vya Sudan Kusini. Lakini Serikali ya Tanganyika ilishawaambia Wamisri mwaka 1962 kwamba mkataba wa Waingereza wa 1929 wa maji ya Nile haiutambui.

Mwalimu_Jinja
Machache lakini mwaka mzima hayakatiki! Ya Ethiopia ni ya msimu.

Kisiki_Cha_Mpingo
Turudi kwa mama. Cairo siku moja amwone Firauni wake, kisha ndege mpaka Aswan apumzishe magoti. Jioni mpandishe faluka umwoneshe kaburi la Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, juu ya kilima. Yule aliyepimwa kwa almasi Dar mwaka 1946. Mama wa umri huo lazima alisimuliwa.

Mwana_Chumbageni
Nimemsomea yote. Kuhusu almasi anasema marehemu babu alikuwepo, sijui kama ni kweli. Luxor anaitaka kwa ajili ya ule msikiti, Aswan anaitaka kwa ajili ya faluka. Hoteli inanitumia ujumbe wa pili leo.

Bi_Salma_Muscat
Ukifika Aswan niletee karkade kilo mbili, ya kule ndiyo yenyewe.

Dereva_wa_Thika_Road
Hiyo karkade si ndiyo rosela tu?

Bi_Salma_Muscat
Sio! Rangi yake ni nyingine kabisa.

Baharia_Mstaafu
Ni rosela. Dodoma imejaa.