Mjadala: Wingi wa "uwanja" ni "nyanja" au "viwanja"?

Hoja: Tangazo la michezo limeandika "nyanja mbili za mpira". Wasomaji wamegawanyika.

MWALIMU: Tangazo liko sawa. Uwanja ni ngeli ya U-ZI, pamoja na uwanda (Nyanda za Juu Kusini), waraka–nyaraka, wimbo–nyimbo. Basi: uwanja huu, nyanja hizi. Viwanja ni wingi wa kiwanja, na hilo ni neno jingine. Anayeandika "viwanja hizi" amechanganya ngeli mbili kwa mpigo mmoja.

MHARIRI: Kanuni naikubali, Mwalimu, ila matumizi yamehama. Nyanja leo ni za elimu, uchumi, siasa, mambo yasiyo na nyasi wala magoli. Msomaji wa "nyanja mbili za mpira" atasita. Hata chombo cha serikali kinaitwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, ilhali abiria anasema anakwenda uwanja wa ndege. Umoja uwanja, wingi viwanja: watu wameshaamua. Mimi nasahihisha upatanisho wa kisarufi tu.

MPIMA ARDHI: Hapo ndipo sisi tunapoumia. Kiwanja ni kipande kilichopimwa, chenye bikoni (alama za mpaka) kwenye kona, namba na kitalu: "Kiwanja Na. 14, Kitalu B". Cha mita 20 kwa 30 kina mita za mraba 600. Pa kuchezea watoto, ramani ya mipangomiji huandika "eneo la wazi". Sasa muhtasari wa kikao cha mtaa ukiandika "kiwanja cha wazi", mtu atasoma kwamba ni kiwanja ambacho bado hakijajengwa, na mnunuzi atapatikana. Andikeni "eneo la wazi", mtaje na matumizi: michezo, mapumziko, soko.

MTANGAZAJI, MOMBASA: Huku Kenya tuna uga, wingi nyuga. Uga wa Kasarani, habari za nyugani. Hakuna anayedhani unauza ploti.

MHARIRI: Uga ni neno zuri, ila Dar es Salaam ukilisema utaulizwa maana yake. Na mbona "Viwanja vya Mnazi Mmoja" ni mahali pamoja, tena kwa wingi, na hakuna anayepotea?

MWALIMU: Kwa sababu ni jina la mahali, limeshakaa. Kwenye michezo nakubali "viwanja vya mpira". Lakini "uwanja cha" na "kiwanja wa" siyapitishi, na kwenye maandishi ya ardhi namuunga mkono Mpima: neno kiwanja libaki la kujengea.

MPIMA ARDHI: Basi tuseme nini kwa uwanja wa mpira ambao wenyewe umepimwa na una hati?