Mpango kabambe wa bustani za jiji, miaka 20: fedha zitoke wapi?

Mchoraramani:
Wakuu, jiji linaandaa mpango kabambe wa bustani na maeneo ya wazi wa miaka 20. Kwenye bajeti kuna fedha za mshauri elekezi tu, utekelezaji haujatajwa. Wengine wanataka tuuze hatifungani (jiji likope kwa wawekezaji na kuwalipa kwa riba), wengine tutenge kidogo kidogo kila mwaka. Kipi bora? Na kabla ya kutafuta fedha, kianze nini?

HesabuSafi:
Tenganisheni kwanza mafungu matatu: kuandaa mpango, kujenga, na kutunza. Hilo la tatu ndilo linaloua mipango mingi, kwa sababu halina sherehe ya kukata utepe.

Hatifungani ni za mali ya kudumu. Zisilipe mishahara ya watunza bustani wala mafuta ya mashine za nyasi. Tena muda wa deni usizidi umri wa kitu chenyewe. Bembea na vifaa vya watoto hudumu miaka 15 hivi. Mkivikopea kwa miaka 25, mtalipia vyuma vilivyong'olewa zamani. Ardhi ndiyo ya kukopea kwa muda mrefu: haichakai, na ikijengwa hairudi. Ukarabati mdogo wa kila mwaka uende kwenye bajeti ya kawaida. Kwa hiyo jibu ni vyote viwili, kila kimoja mahali pake.

Halafu msikadirie kila kitu kwa bei ya leo. Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, kazi ya 100 leo itakuwa takriban 163 baada ya miaka 10. Ongezeni usanifu na usimamizi, pia fungu la dharura: asilimia 20 mradi ukiwa bado wazo, mpunguze hadi 10 michoro ikikamilika.

MtiMkubwa:
Kianze daftari la mali. Kila bustani iandikiwe ukubwa kwa hekta, mipaka, hati ya umiliki, njia, mabomba, vyoo, taa, miti, na daraja la hali kuanzia 1 hadi 5. Kwenye hati ndipo wengi wanaporuka. Mfadhili akikuta nusu ya uwanja iko kwenye hati ya mtu mwingine, ombi lenu limeishia hapo.

Ruzuku nazo zina masharti. Mfuko wa Marekani wa Land and Water Conservation Fund hulipa hadi nusu ya gharama, na hurudisha fedha baada ya jiji kutumia zake. Ardhi iliyofadhiliwa hubaki ya burudani ya umma. Ukiibadilisha matumizi, lazima utoe nyingine badala yake. Bila fedha taslimu za kutangulia, ruzuku ya namna hiyo itawapita mkiitazama.

Diwani_Mstaafu:
Fedha yenye mwenyewe hudumu kuliko inayogombewa kila bajeti. Minneapolis, Marekani, ina bodi ya bustani tangu 1883, inachaguliwa na wananchi na ina sehemu yake ya kodi ya majengo. Seattle, hukohuko Marekani, walipitisha kwa kura mwaka 2014 wilaya ya bustani, yaani chombo chenye kodi yake ya bustani, kwa lengo hilohilo. Milton Keynes, Uingereza, walienda njia nyingine: mwaka 1992 amana ya bustani, yaani taasisi inayozitunza kwa niaba ya umma, ilikabidhiwa pia majengo ya biashara, na kodi ya pango lake husaidia kutunza bustani.

Angalizo kuhusu tozo kwa waendelezaji, yaani wanaojenga majengo mapya: hufuata ujenzi mpya. Mitaa ya pembezoni itapata viwanja, mitaa ya zamani iliyobanana itabaki mikavu, na ujenzi ukisinyaa nayo inasinyaa. Msiifanye mhimili.

Mchoraramani:
Shukrani. Gharama ya matunzo nitaikadiriaje wakati bustani yenyewe haijajengwa?

HesabuSafi:
Kwa saa za kazi, si kwa asilimia ya kubahatisha. Mfano: nyasi hekta 2, mashine ya kukalia ikitumia saa 2 kwa hekta, mara 24 kwa mwaka, ni saa 96. Hapo hujagusa kingo, taka, kupogoa miti wala maji. Fanya hivyo kwa kila kazi, zidisha kwa gharama ya saa, kisha weka jumla kwenye ukurasa uleule wa gharama za ujenzi. Baraza la madiwani lipitishe vyote kwa azimio moja. Yakiwa mawili, la matunzo litaahirishwa.