Kukata khanga ya marehemu mama nimshonee mjukuu gauni: nifanyeje jina lisikatike?

BibiWaChumbageni

Hamjambo wenzangu wa sindano na uzi. Niko Tanga. Cherehani ya miguu ninayo tangu wanangu wadogo, na sare zao za shule zote nimeshona mwenyewe, mapazia na mashuka pia. Nguo ya mtoto mchanga ndiyo sijawahi kushona, na safari hii sitaki kukosea.

Mjukuu wangu wa kwanza wa kike ana miezi sita. Wanakuja na mama yake kutoka Dar kula Idi na mimi, wiki tatu kuanzia leo. Nataka avae gauni la khanga ya mama yangu. Marehemu aliniachia doti moja ya kiwanda cha Urafiki, ardhi nyeupe, korosho nyekundu na nyeusi, jina lake NANI KAMA MAMA. Upande mmoja ndio mbeleko niliyombebea binti yangu, umechakaa hadi rangi imekuwa ya waridi. Upande wa pili haujavaliwa hata siku moja. Juzi niliutoa sandukuni nikakaa nao kitandani mpaka adhana ya alasiri. Nilipompigia binti yangu simu akaniambia, "Mama wewe kata, ila jina usilikate."

Vipimo alivyonitumia: kichwa sm 42, kifua 43, kutoka begani hadi gotini 38.

Nilijaribu kwanza kwa shuka kuukuu. Jirani ana mtoto wa umri huohuo, nikampima shingo, nikakata tundu la duara lenye mzunguko wa sm 26. Kumvalisha, gauni likakwama kwenye paji la uso. Mtoto akapiga kelele maana haoni kitu, ikabidi nilipasue kwa mkasi likiwa bado kichwani mwake, na mikono inanitetemeka. Nilimrudishia mama yake nikiwa na huzuni kweli. Kwa hiyo naomba mnisaidie: shingo naikata vipi? Na sketi nikiivuta marinda, si maandishi yatajikunja yasisomeke? Maandishi peke yake yana urefu wa sm 29. Halafu joto la huku mnalijua, sitaki mshono umkwaruze mtoto wala apate harara.

FundiWaMvita

Shikamoo mamangu. Mimi ni fundi, niko Mombasa, hapa kwetu twaiita leso. Nguo za watoto ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hivyo nitakueleza jinsi nifanyavyo.

Shingo kwanza. Kwa mtoto mdogo usipime shingo, pima kichwa. Kichwa chake ni kikubwa kuliko unavyodhani ukitazama shingo. Kata tundu la sm 28, kisha pasua mgongoni, kutoka shingoni kwenda chini, sm 9. Mpasuo huhesabika mara mbili kwa kuwa una kingo mbili, basi 28 na 18 ni 46. Kichwa cha 42 kitapita bila kusukumwa. Weka vifungo viwili vya bapa na uvishone kwa mkono, uzi upite mara sita au saba, ufunge fundo, kisha uvivute kwa nguvu zako zote. Kikitoka mkononi mwako leo ni afadhali kuliko kutoka mdomoni mwake kesho. Kamba za kufunga shingoni usiweke kabisa, hata ziwe nzuri vipi.

Sasa jina. Usivute marinda mbele. Mbele kata sketi iliyotanuka, juu nyembamba chini pana: juu 25, chini 45, urefu 30, ukiongeza sm 1.5 kila upande za mshono. Kunja leso katikati ya jina, M ya KAMA ndiyo ikuongoze, ukate pande zote mbili kwa pamoja. Pindo la chini la leso ndilo liwe pindo la gauni. Kwa hesabu yangu jina litakaa kama sm 17 kutoka chini, na hapo sketi ina upana wa 33 na kitu, hivyo NANI haitaingia kwenye mshono wa ubavuni. Marinda yote yapeleke nyuma: kata nyuma 60, uivute iwe 25.

Kuna kitu kimoja mafundi wengi wakikosea. Sketi iliyotanuka ikikatwa na pindo lililonyooka, pembeni huning'inia. Ukitaka kuirekebisha kwa kukata chini, wauharibu ule mstari mweusi wa pindo. Rekebisha juu. Pale inapoungana na kifua, shusha pembe za ubavuni sm 1.5, ukipandisha mkato polepole kuelekea katikati. Chini usiguse.

Na ule upande uliochakaa usiutupe, mamangu. Ndio bitana ya kifua. Hakuna kitambaa cha dukani kilicholainika kama leso iliyofuliwa miaka.

MamaSalmini

Mimi nimesoma mpaka machozi yakanilenga. Ila kwa maoni yangu bibi usikate. Khanga kama hiyo haipatikani tena, mtoto atavaa mara tatu halafu imembana. Mwekee tu hivyohivyo, akikua ajifunge nzima.

BibiWaChumbageni

@FundiWaMvita marahaba mwanangu, Mungu akuzidishie. Hiyo ya kushusha pembe juu nisingeijua hata ningeshona miaka mingine thelathini. Na bitana ya mbeleko, nimeisoma mara mbili nikaenda kuitoa kambani ilipoanikwa.

@MamaSalmini nakuelewa, dada. Nimelala na swali hilo siku kadhaa. Lakini mama yangu hakuwa mtu wa kuweka vitu. Vikombe vyake vizuri alinywea chai kila siku. Khanga hii aliniwekea mimi, na mimi niliyeiogopa nikaifungia sandukuni zaidi ya miaka ishirini na vidonge vya mende, haijamfaa mtu. Gauni linatumia kipande cha chini tu. Kinachobaki ni zaidi ya nusu, nacho nitampindia mama yake.

MuuguziMstaafu

Samahani naingilia ushonaji wenu. Bibi, hivyo vidonge vya mende ni vile vyeupe vya mviringo vyenye harufu kali, vinavyowekwa makabatini? Kama ndivyo, tafadhali usimvalishe mtoto khanga hiyo kabla haijaisha harufu kabisa.

Vidonge hivyo mara nyingi ni naftalini. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kinachoitwa G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria kama kwetu. Mtoto wa namna hiyo akivaa au kufunikwa nguo iliyokaa na naftalini, mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Anapungukiwa damu, anakuwa wa manjano. Kwa macho humjui nani anao upungufu na nani hana.

Fua kwa maji mengi na sabuni, anika nje penye jua na upepo, rudia. Usiifukize udi wala kutia manukato mpaka umalize, maana vitaficha harufu na wewe utadhani imetoka. Mnusishe mtu mwingine pia, pua yako imeshaizoea. Vidonge vilivyobaki sandukuni vitoe, na usimlaze mtoto karibu na nguo nyingine zilizokuwa humo.

BibiWaChumbageni

Nilikuwa sijui. Nashukuru sana, sana. Vidonge nimevitoa usiku uleule.

DadaWaMuscat

Kuhusu mshono kukwaruza: shona kwanza upande wa nje wa nguo, mshono mwembamba wa nusu sentimita. Punguza nyuzinyuzi, geuza nguo, piga pasi, kisha shona tena kwa ndani ukiufunika ule wa kwanza. Ncha zote zinafichika, wala huhitaji ovaloki. Sindano weka mpya namba 11. Ya kushonea sare itatoboa matundu kwenye khanga nyepesi.

BibiWaChumbageni

Nimerudi kuwapa habari, Idi imepita salama.

Nilifua mara nne. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama ya rosela, ya pili hafifu, ya tatu meupe. Harufu ilichelewa. Baada ya siku sita juani nilimwita kijana wa muuza mkaa, nikampa anuse bila kumwambia kitu, akasema "sabuni". Hapo ndipo nikapima. Urefu ulikuwa sm 150, umerudi 146. Ningekata kabla ya kufua, jina lingenikaa vibaya.

Kabla ya mkasi niliiinua dirishani. Pale ilipokunjwa miaka yote palikuwa na mstari unaopitisha mwanga, ukivuta kidogo unasikia nyuzi zinaachia. Kwa bahati ulipita juu ya maandishi, nikaukwepa. Sketi nimeikata kama fundi alivyosema, na chini hakuna aliyegusa. Kosa langu lilikuwa kifua cha nyuma: korosho nilizipindua zikatazama chini, nikagundua nimeshaunga. Nikafumua, nikakata kingine.

Vifungo nimevitoa kwenye blauzi ya marehemu, vidogo, vyeupe, matundu manne. Nilivivuta mpaka kidole kikauma.

Asubuhi ya Idi mama yake alimvalisha mwenyewe. Kichwa kilipita mara moja, mtoto hata hakufumba macho. Binti yangu alipokuwa anafunga kifungo cha chini akaona bitana ile ya waridi, akaisugua kwa kidole gumba, akaniuliza, "Mama, hii si mbeleko yangu?" Nikamwambia ndiyo. Akambeba mwanawe wakatoka barazani, na majirani waliokuja kutupa mkono wa Idi kila mmoja alimshika mtoto kiunoni akamgeuza mbele asome.

@FundiWaMvita, jina limesomeka lote. Zimebaki sm 2 kila ubavu. Ubavuni niliacha mshono mpana kidogo kwa ndani ili nije kuutoa akinenepa. Sasa nataka kumshonea kofia kwa vipande vilivyobaki kabla hawajaondoka Jumapili. Kichwa ni kilekile 42, ila safari hii niongeze ngapi?