Marumaru na kwatzaiti unazitofautishaje?

mpenda_mawe: Wadau habarini, nataka kuweka jiwe juu ya kaunta ya jikoni, muuzaji anasema ni kwatzaiti lakini mimi kwa macho naona marumaru tupu, nyeupe ina michirizi ya kijivu. Si zote miamba geuzi tu?

kokoto: Ndio zote geuzi, yaani jiwe la zamani limepata joto na mgandamizo huko chini likabadilika bila kuyeyuka, ila asili tofauti. Marumaru ilikuwa mawe ya chokaa, kwatzaiti ilikuwa mchanga ulioshikana. Omba kipande ukikwaruze na kisu, marumaru inachimbika mstari maana kalsaiti, yaani madini yanayounda marumaru, ugumu wake ni 3 tu kwenye skeli ya Mohs (kipimo cha ugumu wa madini, 1 hadi 10), kwatzaiti ni kama 7, hapo kisu ndo kinaliwa kinaacha rangi ya chuma juu ya jiwe.

jiwe_gumu: Au dondoshea limau uache kidogo. Marumaru inapoteza mng'ao, linabaki doa la ukungu hata ufute vipi halitoki, sio uchafu hilo, ni jiwe lenyewe limeliwa na asidi. Mi marumaru ningeweka ukutani, jikoni hapana aisee.

mpenda_mawe: Duh asanteni. Na sleti je?

kokoto: Sleti poa sana. Ilikuwa matope, mgandamizo ukalaza madini yote upande mmoja ndo maana inabanduka vibamba vyembamba vya kuezekea, na meza nyingi nzuri za pool chini ya kile kitambaa ni sleti.