Naombeni ushauri: nimwelekezeje kijana anayenisafishia picha za shanga?

MamaShanga_Kla
Habari wakubwa. Nipo Kampala, natengeneza mikufu ya shanga za karatasi na bangili za pembe za ng'ombe wa Ankole. Picha napiga mwenyewe, kuna kijana wa kuzihariri. Niliandika tu "zisafishe, zing'ae". Zimerudi shanga kama plastiki! Mistari ya karatasi iliyoviringishwa haionekani, na bangili yenye michirizi ya kahawia imekuwa rangi moja. Mteja ameuliza kama kweli ni kazi ya mkono. Kijana anataka alipwe tena kurudia. Nimwandikie nini?

FundiPicha
Dada, kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Ukisema "safisha" bila kikomo, tunafuta kila kinachoonekana kama doa. Taja cha kuondoa (vumbi, alama za vidole, uzi wa kutundikia), halafu taja kisichoguswa: kingo za karatasi, michirizi ya pembe, na kama kulabu ni za fedha, ile chapa ya 925 inayoonyesha ni madini ya fedha. Andika hivi:

"Picha ya 3. Punguza mng'ao wa vanishi kwenye shanga kubwa ya katikati, usiufute. Mistari ya karatasi ionekane. Nyekundu isikolezwe."

Mng'ao ukiisha wote shanga inapooza, ndiyo maana nimesema upunguzwe.

Boda_wa_Ntinda
Chora duara juu ya picha na uweke namba, maneno matupu yanachosha. Na WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa, anapokea ukungu.

Mzee Kamera
Mnamlaumu kijana bure. Tundika kitambaa cheupe chepesi dirishani, nusu ya huo mng'ao itapungua kabla hajagusa kitu. Na picha moja ipige na karatasi nyeupe kando ya mkufu, apate pa kurekebishia rangi.

MamaShanga_Kla
Asanteni sana. Na nyuma? Nataka nyeupe kabisa.

FundiPicha
Mwandikie 255, 255, 255, ndizo namba za rangi nyeupe tupu kwenye programu za picha, hapo hakuna mjadala. Ila useme kivuli kibaki chini ya bangili, la sivyo itaelea hewani. Malipo: akurudishie picha moja kwanza, mkubaliane, ndipo aendelee na zilizobaki. Hizi za sasa mgawane gharama, kijana naye ana tumbo.

MamaShanga_Kla
Haya, nusu nitampa. Kivuli kibaki.