Naombeni ushauri: nawezaje kukwepa ile shira ya mahindi (HFCS) nikifanya shopingi huku Marekani?

MamaZuu
Habarini wapendwa, wakubwa shikamooni.

Nipo Iowa na mume wangu na watoto wawili. Juzi nimempeleka mkubwa kliniki, ana miaka 10, daktari kaangalia uzito akasema unapanda haraka kuliko kimo, akaniambia tuanze na vinywaji na vitu vyote vyenye "high fructose corn syrup", ndo hiyo HFCS. Kurudi home nikashusha kila kitu kabatini nikaanza kusoma lebo za nyuma, jamani hii kitu ipo kwenye ketchapu, ipo kwenye mkate wa slaisi, ipo kwenye jemu, kwenye sosi ya nyama choma, kwenye matunda ya kopo, kwenye vile vipakti vya juisi wanavyobeba shule, yani nyumba nzima ni shira ya mahindi tu.

Sasa hali yenyewe ni hivi, mume anaingia shifti ya usiku kiwanda cha nyama, mi naingia asubuhi, manunuzi ni mara moja kwa wiki Walmart au Hy-Vee, watoto wote nimewaburuza, muda wa kusoma lebo kama nasoma mkataba wa nyumba sina. Na yale maduka ya vyakula vya oganiki bei zake siziwezi. Nikisimama mbele ya shelfu niangalie nini haraka haraka? Na hivi kweli hii kitu ni mbaya kuliko sukari yetu ya kawaida au ni maneno ya TikTok? Na mbadala wa bei ya kueleweka ni upi?

Ushauri wa kurudi Bongo siutaki, tiketi hamninunulii nyie 😂

KakaMbagala
Yani umeamia Iowa halafu unakimbia mahindi? Dada umeenda kuishi sebuleni kwake kabisa. Ngoja waje wajuzi, nakaa hapa nisome.

BabaJoel_CR
Dada karibu Iowa, mi niko Cedar Rapids na nimewahi kufanya kazi kwenye kiwanda kinachosaga mahindi, kwahiyo hii nitakuelezea vizuri.

Mahindi yanalowekwa, yanasagwa, wanga unatengwa na makapi na protini na mafuta ya kiini. Ule wanga unatiwa vimeng'enya (enzyme) vinaukatakata mpaka unabaki glukosi, aina moja ya sukari, hapo ndo unapata shira ya mahindi ya kawaida, tamu kiasi tu. Sasa inakuja hatua ya pili, shira inapitishwa kwenye kimeng'enya kingine kinachogeuza sehemu ya glukosi kuwa fruktosi, sukari ya aina nyingine, na fruktosi ni tamu kuliko glukosi. Zinatoka aina mbili kubwa, moja ina fruktosi 42 kwa mia, hiyo inaenda sana kwenye mikate, sirio na vyakula vya kopo, nyingine 55 kwa mia, hiyo ndo ya soda. Sukari ya miwa yenyewe ni nusu fruktosi nusu glukosi, kwahiyo ona mwenyewe tofauti ilivyo.

Na usishangae ipo kila mahali kwenye kabati lako, ilianzia humuhumu Iowa. Mwaka 1967 kampuni moja ya mji wa Clinton ndo ilianza kuiuza kibiashara, ufundi wa kimeng'enya wameutoa kwa Wajapani. Miaka ya sabini sukari ikapanda bei, serikali nayo ikawa inabana sukari ya nje isiingie ovyo ili kuwalinda wakulima wake wa miwa na viazisukari, huku mahindi yanamwagika, basi wenye viwanda wakahesabu wakaona wahamie kwenye shira. Kufika 1984 Coca-Cola na Pepsi wote wameruhusu soda zao za hapa Marekani zitumie shira tupu bila sukari. Halafu ni kimiminika, inakuja na lori la tenki, unafungua bomba inaingia mtamboni, hakuna kubeba magunia wala kuyeyusha. Kwenye mkate inasaidia ubaki laini na upate ile rangi ya kahawia. Haikuwekwa kwa ubaya, ni hesabu za pesa tu.

Mzalendo_Halisi
Mnaogopa kila kitu nyie mliokwenda ughaibuni. Huku nyumbani soda inatiwa sukari ya kawaida na watu kisukari kimewajaa, kliniki foleni mpaka nje. Kwahiyo tatizo ni shira au tatizo ni kunywa soda mbili kila siku ukiwa umekaa?

DadaNesi_Columbus
Mzalendo leo umeongea point, sikutegemea 😅

MamaZuu mi ni nesi hapa Ohio, nisikilize mdogo wangu. Kati ya fruktosi 50 kwa mia ya sukari ya miwa na 55 ya shira ya soda mwili hauoni tofauti kubwa, zote ni glukosi na fruktosi. Fruktosi inaishia kufanyiwa kazi kwenye ini, ikizidi ini linaigeuza mafuta, na hiyo inatokea iwe imetoka kwenye mahindi, kwenye miwa au kwenye ile shira ya agave wanayoiuza ghali eti ya afya, ambayo mara nyingi ina fruktosi nyingi kuliko hata hiyo ya mahindi. Daktari wako hajakosea lakini, maana ukikwepa vyenye HFCS unajikuta umekwepa vyakula vingi vya kiwandani vilivyojaa sukari. Tatizo linakuja pale mtu anapoacha soda yenye shira akahamia soda yenye sukari ya miwa halafu anajiona amepona.

Kwahiyo ukisimama kwenye shelfu macho yaende kwanza kwenye mstari ulioandikwa "Added Sugars", yani sukari ya kuongezwa. Huo mstari kampuni kubwa zimelazimishwa kuuweka tangu 2020, ndogo mwaka uliofuata. Gramu 4 ni kijiko kimoja cha chai. Pembeni kuna asilimia, 5 kushuka chini ni kidogo, 20 kupanda juu rudisha shelfu. Hiyo asilimia imepigwa kwa gramu 50 kwa siku, lakini chama cha magonjwa ya moyo hapa Marekani (American Heart Association) wanasema mtoto asifike gramu 25, na wa chini ya miaka miwili asipewe sukari ya kuongezwa kabisa. Sasa kopo moja la Coca-Cola lina gramu 39. Umeona? Kopo moja tu mtoto ameshapita kipimo na bado hajala kitu.

Na angalia lebo inasema serving (kipimo cha kula mara moja) ni kiasi gani, maana wanaandika gramu ndogo za kijiko kimoja wakati nani anaweka ketchapu kijiko kimoja.

ShiruTX
Niaje watu wangu, hapa Texas tumepitia hii maneno na hubby wangu. Nesi amesema poa lakini mama ameuliza vitu za kununua so wacha nimpe.

Ketchup, ile Heinz ya kawaida iko nayo, lakini kuna yao nyingine inaitwa Simply Heinz, haina, imewekwa sukari. Bei inazidi kidogo tu. Matunda ya kopo, ukiona "heavy syrup" wacha, chukua ile imeandikwa "in 100% juice", iko hapo hapo kando yake. Pancake syrup ya bei rahisi si asali ya maple, ni shira ya mahindi na rangi na harufu, maple yenyewe ni ghali sana so sisi watoto wanawekewa ndizi na peanut butter ile ya njugu na chumvi pekee. Yogurt nunua ile plain ya ndoo kubwa, weka maembe ya frozen mwenyewe, inatoka cheap kuliko vile vikombe vidogo. Oats za kawaida badala ya zile za pakiti ziko na flavour. Mkate hapo lazima usome, kuna za bei ya chini hazina na kuna za bei kali ziko nayo, bei haikuambii kitu.

Whole Foods wamepiga HFCS marufuku kwa duka lao lote, ukitaka kununua bila kusoma unaenda huko, lakini pia utatoka bila pesa ya rent.

Na wale mnapenda Coke, ile ya chupa ya glasi kutoka Mexico iko na sukari ya miwa. Karibu na Pasaka ya Wayahudi kuna Coke za kifuniko cha njano, pia hizo hazina shira sababu mahindi Wayahudi wengi hawagusi wakati huo. Nesi usinipige, najua sukari ni sukari 🙈

MamaFuraha
Jambo MamaZuu. Mi niko Des Moines, natoka Goma. Batoto bangu balikuwa banapenda sana ile juisi ya rangi ya bluu, mpaka mama mumoja wa WIC (ile programu ya serikali ya kusaidia bamama na batoto badogo na chakula) akanionyesha namna ya kuangalia. Juisi ya WIC lazima ikuwe 100% juice, ile ingine bakiandika "drink", ao "cocktail", ao "punch", ile ni maji na sukari na rangi, matunda iko kidogo sana. Hata kama bameweka picha ya machungwa kubwa kabisa mbele. Tafuta tu ile namba ya asilimia, iko juu ya lebo ya kuhesabu sukari.

Leo mi napika tangawizi na ndimu kwa sufuria moja kubwa, naweka sukari kidogo mi mwenyewe, naweka kwa friji. Ya kwanza balilia. Sasa banazoea.

BabaJoel_CR
MamaFuraha umemaliza. Mi ningekuwa MamaZuu ningeanza na vinywaji peke yake mwezi huu, mkate na ketchapu vingesubiri. Kijiko cha ketchapu kina gramu chache, juisi ya bandia ya chupa kubwa mtoto anamaliza kikombe cha sukari bila kutafuna kitu.

Nyongeza, hapa Marekani jina la kutafuta ni hilohilo moja. Chama cha wasagaji mahindi waliomba 2010 waruhusiwe kuliita "corn sugar", FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya hapa, wakakataa 2012. Na vitu vinaandikwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia, kwahiyo ukiikuta kwenye vitatu vya mwanzo usiendelee kusoma.

Binti_Ontario
Kwa wale wa Canada kama mimi, huku msitafute hilo jina hamtaliona, huku wanaandika "glucose-fructose". Ndugu zangu walioko Ulaya nao kwao ni "glucose-fructose syrup", fruktosi ikizidi wanageuza inatangulia yenyewe. Nilikuwa na shosti wangu Toronto anajisifu Canada hatuwekewi HFCS, nikamuonyesha chupa ya soda aliyoishika mkononi.

KakaMbagala
Na ile iliyoandikwa mbele kwa maandishi makubwa "No High Fructose Corn Syrup"? Mi nikiona hiyo nabeba.

DadaNesi_Columbus
Hiyo ni tangazo kaka. Geuza nyuma utakuta cane sugar (sukari ya miwa), dextrose (ndo glukosi hiyohiyo), juisi ya tufaha iliyokamuliwa maji ikabaki sukari tupu. Wametoa mmoja wakaingiza ukoo mzima. Angalia gramu.

MamaZuu
Jamani nawashukuru, nimepiga skrinishoti zote. Kesho naenda kununua, naanza na vinywaji kama Baba Joel alivyosema, na ile ya tangawizi ya MamaFuraha nitaijaribu wikiendi japo huyu mdogo atanipigia kelele. Mume kauliza tu kama soda yake ya kazini nayo imo kwenye mpango, nimemwambia imo.

Swali la mwisho, kuna chupa ninayo ya corn syrup ya kuokea, imeandikwa corn syrup tu bila hiyo high fructose mbele. Ndo ileile?

BabaJoel_CR
Hapana, hiyo imeishia ile hatua ya kwanza niliyokueleza, ni glukosi, haijageuzwa. Ila soma viungo nyuma, kuna chupa zinachanganya kidogo. Na ni sukari vilevile, Dada Nesi atakwambia.

DadaNesi_Columbus
Nilikuwa naandika 😂