Kitabu cha tano kimenivunja moyo. Nimpe mtoto wa dada yangu au nikizuie?

MtuWaMalindi:
Asalaam aleikum jamani. Kuna mfululizo wa riwaya za upelelezi ninaoupenda tangu nipo skuli. Jina silitaji, sitaki kumvunjia mtunzi heshima. Wanaousoma watamjua yule mzee mvuvi wa Micheweni, anayefumbua mambo kwa kusikiliza tu watu wanavyozungumza barazani. Cha tano tumekingoja sana. Nimekimaliza juzi na nimeumia, wallahi.

Mzee hajui kusoma. Hilo si dogo: kitabu cha pili chote kimesimama juu yake. Barua husomewa na mjukuu wake, na siku moja mjukuu akaruka mstari kusudi ili amstiri mama yake. Hapo ndipo mfululizo uliponiteka. Sasa cha tano, hata hatujafika mbali, mzee anapokea wasia anausoma mwenyewe! Hakuna aliyemfundisha, hakuna anayeshangaa. Mjukuu hatajwi hata kwa salamu. Na Kipemba chake kimekwisha, anasema Kiswahili cha taarifa ya habari.

Mtoto wa dada yangu yuko Wete, amemaliza cha nne, na kila akipiga simu anataka nimpelekee cha tano. Nimpe, au nimwambie hadithi imeishia cha nne?

Mkarafuu:
Usimdanganye mtoto, atakuja kukiona dukani. Huyo mtunzi ndiye wa kulaumiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

AmiWaMkunazini:
Mwanangu, pole. Lakini tusimhukumu haraka. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, alimpa Watson, rafiki wa Holmes anayesimulia, jeraha la bega kwenye kitabu cha 1887, kufika 1890 jeraha liko mguuni, na watu wakaendelea kumpenda. Doyle mwenyewe alikuwa keshamchoka Holmes. 1893 akamuua, wasomaji wakapiga kelele, miaka ikapita, mwisho akamrudisha. Msomaji naye humbana mtunzi. Hapa kwetu Muhammed Said Abdulla alitoa *Mzimu wa Watu wa Kale* 1960, na *Kisima cha Giningi* kikaja 1968. Miaka minane baina ya kitabu na kitabu, na mpelelezi wake Bwana Msa akarudi na kiko chake na rafiki yake Najum. Sisi siku hizi tunataka kitabu kila mwaka.

MtuWaMalindi:
Ami, ahsante, nimekufahamu. Lakini jeraha la Watson ukilihamisha hadithi haianguki. Mzee akijua kusoma, cha pili kinaanguka chote.

BintiChake:
Mie nilianza na hicho cha tano, sikujua habari za mjukuu, na nilikipenda. Ile sura ya karafuu za magendo, mzee anavyomjua mwongo kwa namna anavyotaja upepo, mbona imeandikwa vizuri sana! Mpe mtoto. Ila usimtie maneno kabla hajasoma, atakuwa anatafuta makosa tu.

MtuWaMalindi:
Hiyo ya upepo kweli imekaa, nilikuwa na hasira hata sikuisifu. Basi nampelekea kwa boti ya Ijumaa, na sitamwambia kitu. Mtunzi nitamwandikia mwenyewe, anwani ipo nyuma ya kitabu. Nitamuuliza mjukuu kaenda wapi, na nitamwambia kuwa cha sita tuko tayari kukingoja hata kikichelewa.

Mkarafuu:
Nami nimo kwenye barua hiyo. Mwambie aturudishie na Kipemba.